Mkate wa kila asubuhi

Kuna siku tunaamka na moyo mzito: mtoto ni mgonjwa, mshahara umekwisha, hata sala zimekauka kinywani. Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kuchoka.

Nabii Eliya alichoka kabla yetu. Malkia Yezabeli alipoapa kumwua, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu aitwae roho yake, kisha akalala. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika amwamshe, na karibu na kichwa chake palikuwa na mkate na mtungi wa maji. Akala, akalala tena. Malaika akamrudia mara ya pili. Kwa nguvu za chakula kile alitembea siku 40, mchana na usiku, hata mlima wa Horebu.

Tuangalie vema: jangwa halikuondoka, wala hasira ya Yezabeli haikutulia. Kilichogeuka ni nguvu za msafiri. Nasi vilevile Mungu hatugawii leo chakula cha mwaka mzima. Hutugawia cha siku.

Basi kesho, kabla ya kazi na masomo, baba afungue Injili, asome mistari michache mbele ya jamaa yake, kisha wote waseme Baba Yetu. Na Dominika tuijongee Meza ya Bwana. Aonaye kwamba bado amechoka, asione haya: Eliya naye aliamshwa mara mbili.