Duara la rangi si katekisimu

Jamani wadau, leo nawachokoza wenzangu wa ualimu. Tunakaribia kwenda TP na madesa yameanza kuzunguka: "Rangi za msingi ni tatu: nyekundu, njano na buluu." Mtoto achore duara, akariri, apewe vema, basi. Mimi nasema hapo hatujafundisha rangi, tumefundisha orodha.

Tena orodha yenyewe si amri ya Mungu! Kwa rangi za maji inasaidia: njano na buluu utapata kijani, nyekundu na njano utapata chungwa. Ila nenda steshenari ufungue printa ya rangi. Humo kuna sayani (buluu inayoelekea kijani), majenta (kama pinki iliyokolea), njano na nyeusi. Skrini ya simu yako nayo inatumia nyekundu, kijani na buluu, na humo mwanga mwekundu ukikutana na wa kijani unazaa njano. Newton mwenyewe kwenye duara lake la mwaka 1704 aliweka rangi saba. Sasa mtoto akiuliza, "Mwalimu, mbona printa haina wino mwekundu?" utamchapa?

Halafu duara lina kazi, si pambo la daftari. Rangi zinazotazamana, mfano buluu na chungwa, ukizichanganya zinauana, unabaki na kahawia au kijivu. Ukizipanga bega kwa bega, kila moja inaing'arisha mwenzake. Zilizo jirani, kama njano, chungwa na nyekundu, zinaelewana bila kelele. Hata rangi moja, hapa imekolea pale imefifia, ni mpangilio tosha. Mtoto akishika hayo atachagua mwenyewe rangi za bango, za nguo, hata za ukuta.

Najua mtasema darasa limejaa na vifaa hakuna. Kweli. Lakini Kiswahili kimeshatuonyesha pa kuanzia: manjano ipo jikoni, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijani ni jani. Kichupa kimoja kimoja cha zile rangi tatu, vizibo vya soda na maji, kundi zima linachanganya.

Kwanza wachanganye, ndipo wachore duara. Anayetetea desa tukutane kantini, soda juu yake!