Homa ugenini: usiilaumu kebabu kabla ya kupima malaria

Likizo ya shule inakaribia, na siku hizi familia zenye uwezo haziishii Bagamoyo na Lushoto. Istanbul imekuwa kama jirani. Ndege zinaondoka Dar es Salaam, Kilimanjaro na Zanzibar, na wafanyabiashara waliozoea kwenda peke yao kufuata nguo sasa wanawachukua mama na watoto. Ni jambo jema. Mtoto aliyesimama ndani ya Ayasofya, jengo lililokamilika mwaka 537, atakumbuka somo la historia kuliko aliyelisoma darasani.

Wanaosafiri huniuliza sana swali moja: "Daktari, chakula chao hakitatudhuru?" Nitalijibu, ingawa hofu yangu mimi iko kwingine.

Kanuni ya chakula ni ileile ya nyumbani: kilichopikwa mbele yako na kuliwa kingali cha moto hakina neno. Samaki wanaotiwa ndani ya mkate pale Eminönü, karibu na daraja la Galata, wanatoka motoni mbele ya macho yako, kula. Simit, ule mkate wa mviringo wenye ufuta, ni mkavu, na watoto wanaupenda. Ninachowakataza ni kome waliojazwa wali, wale wanaouzwa kwenye sinia barabarani, unakamuliwa limau na kula papo hapo. Ni watamu, nakubali. Lakini kome huchuja maji ya bahari na kubaki na uchafu uliomo, na wali uliokaa kwenye joto tangu asubuhi ni shamba la bakteria. Maji, kunyweni ya chupa; hata wenyeji wengi hufanya hivyo.

Mwenye shinikizo la damu aangalie kifungua kinywa: jibini nyeupe, zeituni, achari, na ayran, yaani mtindi uliotiwa maji na chumvi. Vyote vina chumvi, na bado hata saa nne haijafika. Kwa mwenye kisukari, baklava si hatari pekee. Mji ule una vilima. Ukipanda na kushuka kutwa, na foleni ya kuingia jumba la Topkapı ikichelewesha chakula cha mchana, sukari inaweza kushuka ghafla, hasa kwa anayetumia insulini. Bibi abebe juisi au peremende mkobani. Na insulini asiiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, inaweza kuganda.

Sasa hofu yangu. Siku ya nne ya safari mtoto anaamka na homa, anatapika, anaharisha kidogo. Familia nzima inajua sababu: "Ni ile kebabu ya jana." Anapewa panadol, homa inashuka, safari ya mashua kwenye Bosphorus inaendelea huku amelala begani kwa baba. Usiku homa inarudi. Anapewa panadol tena.

Msomaji wangu, hebu piga hesabu. Malaria hujitokeza kwa kawaida siku 7 hadi 14 tangu mbu aume, wakati mwingine zaidi. Wiki moja kabla ya safari mlikuwa wapi? Labda Mtwara au Geita, mmekwenda kuwaaga wazee. Homa inayoanza Istanbul inaweza kuwa imetoka kwenye chandarua kilichotoboka huku nyumbani. Na malaria kwa mtoto huweza kuja na kutapika na kuharisha, ndiyo maana chakula husingiziwa.

Hapa nyumbani muuguzi angemchoma kidole kabla hujamaliza kujieleza. Kule hospitali ni nzuri na vifaa vipo, lakini mji hauna malaria, na daktari yeyote huanza na magonjwa anayoyaona kila siku: mafua, tumbo la msafiri. Simlaumu. Tatizo ni kwamba malaria yetu inaweza kumfikisha mtoto kwenye degedege au kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza mbele ya daktari isiwe "alikula nini". Iwe: tumetoka Tanzania, tunaomba apimwe malaria leo. Kwa Kituruki malaria huitwa sıtma, na nchi yetu ni Tanzanya. Andika maneno hayo mawili kwenye karatasi na uiweke ndani ya pasipoti. Namba ya dharura ni 112. Kipimo cha kwanza kikionyesha hakuna vimelea na homa ikaendelea, omba kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24. Wala usimeze vidonge vya dawa mseto ulivyobeba "kwa tahadhari". Dozi isiyokamilika inaweza kuvipunguza vimelea hadi visionekane, bila kuviua vyote.

Najua kinachowachelewesha wazazi ni bili. Someni bima ya safari kabla ya kuondoka, mhakikishe inagharamia kulazwa. Na mawakala wa safari, mnaowapa wateja orodha ndefu ya misikiti, masoko na migahawa, mnashindwaje kuongeza mstari mmoja kuhusu homa? Hauna gharama yoyote.

Wakazi wa Moshi na Arusha wasijione wako salama zaidi. Kwa kuwa malaria ni kidogo kwao, kinga ya mwili dhidi yake ni ndogo pia. Usiku mmoja tu Dar es Salaam wa kusubiri ndege unatosha kuumwa na mbu.

Na homa ikianza siku ya safari, mabegi yakiwa mlangoni, pimeni kwanza. Majibu ya kipimo cha haraka hutoka ndani ya dakika 20 hivi.