Somo lililozaliwa vitani latafuta mfadhili mpya

UAMUZI wa Serikali ya Marekani wa mwaka 2025 wa kusitisha fedha za vituo vya vyuo vikuu vinavyofundisha lugha na maeneo ya kigeni umeliweka pabaya somo la Asia ya Kusini-Mashariki, ambalo tangu kuanza kwake limetegemea mkono wa wakubwa.

Hata jina la eneo hilo lilipata umaarufu vitani. Mwaka 1943 majeshi ya Washirika yaliunda Kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki, chini ya Louis Mountbatten, kupambana na Wajapani. Kabla ya hapo kila mkoloni alichunguza koloni lake: Waholanzi Indonesia, Wafaransa Vietnam na jirani zake, Waingereza Malaya na Burma, ambayo sasa ni Myanmar.

Chuo Kikuu cha Yale kilianzisha programu yake mwaka 1947, na Cornell kikafuata miaka michache baadaye. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ilishtuka, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa. Fedha za sheria hiyo zilisaidia kufundisha Kiindonesia, Kithai na, si vibaya kukumbushana, Kiswahili.

Hata hivyo, waliosomeshwa hawakugeuka kasuku wa Washington. George Kahin wa Cornell alipinga hadharani vita vya Vietnam. Mwaka 1966 Benedict Anderson na wenzake waliandika ripoti iliyotilia shaka maelezo ya jeshi la Indonesia kuhusu jaribio la mapinduzi la mwaka 1965, lililofuatiwa na mauaji ya mamia kwa maelfu ya watu. Anderson alipigwa marufuku kuingia Indonesia mwaka 1972, na hakurejea hadi Suharto alipoanguka mwaka 1998.

Singapore ilifungua taasisi yake ya utafiti mwaka 1968, ikionyesha kwamba wenyeji nao wanaweza kujichunguza. Lakini udhaifu ni kwamba wasomi wengi wa huko huandika zaidi kuhusu nchi zao wenyewe. Jirani humsoma kwa Kiingereza.

Nyaraka nazo ziko mbali. Mtafiti wa Jakarta anayefuatilia historia ya taifa lake bado hujikuta akifunga safari kwenda Leiden, Uholanzi, au kwenye maktaba ya Cornell, chuo kilichomo nchini mwa hao waliofunga mkoba.