Saa nane za usiku si 8 ya mashine

Kama kuna mtu anayekuwekea hesabu zako katika tarakilishi, kisa cha shangazi yangu kitakugusa.

Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 32. Kila shilingi wanayochanga huingizwa katika tarakilishi kuukuu inayotumia Linux, iliyo katika chumba kidogo walichokodi nyuma ya duka. Alipoianza kazi hiyo alimwita kijana fundi amtengenezee utaratibu wa kunakili hesabu zote kila usiku katika diski ya pili. Kijana alikuwa na haraka. "Mama, niandikie tu saa unayotaka," akasema. Shangazi akaandika kwenye kipande cha karatasi: saa 8 usiku.

Kijana akaijaribu kazi hiyo kwa mkono, ikaenda sawasawa, akalipwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo shangazi hakuizima mashine jioni. Asubuhi mwendo wa saa moja, msichana wa kufagia alikuwa akizima kila kitu ukutani ili apige deki, naye shangazi akija kuiwasha saa tatu.

Baada ya miezi saba diski kubwa ikafa. Ile ya pili ilipofunguliwa, ilikuwa na nakala moja tu, ya siku ile ya majaribio.

Katika mifumo ya jamaa ya Unix, iliyoanza mwaka wa 1969 katika maabara za Bell huko Marekani mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, mna mtumishi asiyelala aitwaye kroni. Kila dakika huamka, akatazama jedwali lake, na akikuta kazi ya dakika hiyo huifanya. Kila mstari wa jedwali una nafasi tano kabla ya kazi yenyewe: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya juma. Kinyota maana yake ni "kila". Kijana aliandika 0 8 * * *, yaani saa 8 kamili, kila siku.

Ole wetu, kroni hajui saa za Kiswahili. Huanza kuhesabu saa sita za usiku, ambayo kwake ni 0, mpaka 23. Hivyo 8 yake ni saa mbili asubuhi, wakati mashine ya shangazi ilikuwa imezimwa! Saa nane za usiku kwake ni 2. Kuanzia saa saba za usiku hadi kumi na mbili alfajiri, toa sita. Kuanzia saa moja asubuhi hadi kumi na mbili jioni, ongeza sita. Saa moja hadi saa tano usiku, ongeza kumi na nane.

Siku nazo zina mtego wake. Jumapili kwa kroni ni 0, kwa hiyo Jumatatu, licha ya jina lake, ni 1. Ukiandika 3 utapata Jumatano.

Tena kroni hafidii. Saa ya kazi ikipita mashine ikiwa imezimwa, imepita. Kwa mashine zinazozimwazimwa kuna nduguye, anakroni, ambaye hahesabu saa bali siku. Mashine ikiwaka, huifanya kazi ya siku iliyorukwa. Angemfaa shangazi kuliko kroni.

Shangazi hamlaumu kijana. Mimi namlaumu, kwani neno "usiku" lilikuwa pale karatasini. Na hata kama angeipata saa, kuijaribu kazi kwa mkono hakutoshi. Kroni hazijui njia zote za programu unazozijua wewe uliyeketi mbele ya kioo, na kazi inayokutii wewe yaweza kumshinda yeye. Angerudi kesho yake aone kama nakala ipo. (Wanaojaribu wenyewe nao wachunge vidole: crontab -e hufungua jedwali ulirekebishe, crontab -r hulifuta lote, aghalabu bila kuuliza, na herufi hizo mbili zimekaa bega kwa bega.)

Akina mama walikaa Jumamosi tatu wakiziandika upya hesabu kutoka vijitabu vyao na arafa za M-Pesa. Mmoja alikuwa amepoteza kijitabu, naye siku zote hulipa taslimu. Alitaja kiasi chake. Kukawa kimya, kisha mmoja akacheka. Hatimaye walikubali kumwandikia alichosema, lakini mama yule hakurudi tena chamani.

Kijana aliitwa, akarekebisha. Safari hii shangazi alitaka zaidi. Kroni, barua zikiwekwa sawa, humtumia mwenye kazi lolote ambalo kazi hiyo imetamka. Kazi isiyofanyika haitamki kitu, na ndiyo sababu miezi saba ilipita bila fununu. Sasa kazi ya usiku hutaja mwishoni idadi ya hesabu ilizonakili, na shangazi huisoma barua hiyo kabla ya kuvua kitambaa chake cha kichwa.

Juzi barua haikuja. Kabla ya saa nne alikuwa amekwisha kumpigia kijana simu. Stima ilikuwa imepotea usiku.