Nuhu Hakutaja Mto Nile

Kila kundi jipya la silaha likitokea kule kwetu Kivu, hapa kambini utasikia watu wanasema: soma Biblia, yote yameandikwa. Mimi nafanya kazi na vijana, na nasema hapana, hayajaandikwa. Tena wengi wanaosema hivyo hawajasoma.

Jumamosi moja kwenye kikundi chetu kijana alimwambia mwenzake, Mnyamulenge, kwamba yeye ni Mhamiti, mgeni tangu enzi za Nuhu, arudi kwao Ethiopia. Eti Maandiko yanathibitisha! Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekaa pale, akaitikia kwa kichwa. Yule Mnyamulenge akachukua daftari lake akatoka.

Basi tukafungua Mwanzo sura ya 9, tukasoma kwa sauti. Nuhu alilewa, Hamu akamwona uchi, na laana ikamwangukia Kanaani, mtoto wa Hamu. Siyo hata Hamu mwenyewe. Hakuna rangi ya ngozi pale, hakuna mto Nile, hakuna Mtutsi wala Mhutu.

Sasa huo Uhamiti umetoka wapi? Kwa karne nyingi watetezi wa utumwa walimfanya Hamu kuwa baba wa weusi waliolaaniwa. Karne ya 19 wakageuza. Mwingereza John Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai watawala wa maziwa yetu walitoka upande wa Ethiopia, na waliomfuata wakamfanya Mhamiti kuwa karibu Mzungu, mtu aliyezaliwa kutawala. Babu ni yule yule, sura ni ile ile, ila kazi aliyopewa imegeuka kabisa. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho vya Rwanda. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera akasimama Kabaya akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, watu waliulizwa kitambulisho. Nani aliulizwa Mwanzo 9?

Najua nitaambiwa nawaondolea watu Biblia. Wapi! Bila Biblia huwezi kuelewa kwa nini gazeti la Kangura, Desemba 1990, lilitoa chuki yake kwa mtindo wa amri kumi. Waliwajua wasomaji wao: watu waliofundishwa tangu utotoni kwamba amri kumi hazijadiliwi. Hapo kusoma kunasaidia sana, juu unatambua nguo imeibiwa kwa nani. Lakini kama unataka kujua mwizi alitaka nini, Musa hatakuambia. Ulizia ardhi, ulizia madini, ulizia nani alinyimwa uraia.

Yule kijana wa daftari hajarudi bado. Nimeenda kwao mara mbili. Na yule mzee nimemwomba aje Jumamosi na Biblia yake, siyo ya kubeba kwapani, ya kufungua.