Mchagua Jembe Si Mkulima?

Hapana methali inayotumiwa vibaya katika maofisi na katika baraza za washairi kuliko hii isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Kijana aliyekalishwa tangu asubuhi mbele ya kompyuta, akinakili utenzi wa kale kutoka mswada uliochakaa, akisema kwamba kiganja kinamuwaka na kidole cha mwisho kimekufa ganzi, hujibiwa kwa methali hiyo na kurudishwa kazini. Malenga akiomba kiti kinacholingana na meza, huchekwa: wazee walikaa mkekani wakatunga beti elfu, naye anadai mito! Maneno haya yana sura ya hekima, lakini ndani yake mna dhuluma juu ya mkono wa mwandishi, na mna usahaulifu wa historia.

Na tuanze na huyo mkulima anayesingiziwa. Jembe hununuliwa dukani, nalo ni lile lile kwa wote, mpini je? Mpini huchongwa kwa kimo cha mwenye kulima, na ukimtia malengelenge huparuliwa mpaka ukae mkononi. Hakuna mkulima mwenye akili aliyewahi kulima kwa mpini wa mtu mwingine miaka mia na zaidi, kisha akajisifu kwa uvumilivu.

Waandishi wa pwani nao hawakuwa hivyo. Kalamu ya mwanzi huchongwa na mwandishi mwenyewe, na ncha hukatwa kwa mshazari unaoufaa mkono wake. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 baada ya kunakili tenzi nyingi ambazo leo zimehifadhiwa London na Ujerumani, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchongaji wa nakshi. Mtu kama huyo asingeelewa hata kidogo hoja ya kwamba chombo cha kazi hakihusiani na kazi. Tena wazee hawakuipokea hati ya Kiarabu wakaiacha kama ilivyokuja. Palipokosekana herufi ya sauti ya Kiswahili, kama p au ch, wapo walioongeza nukta na alama mpaka hati ikaitikia lugha yao. Hii ndiyo mila ya pwani: chombo cha mgeni hupokewa kwa heshima, kisha hufunzwa lugha ya mwenyeji.

Kibodi haikufunzwa. Mpangilio wake ulizaliwa Milwaukee, Marekani, mikononi mwa Christopher Latham Sholes na wenzake, ambao mashine yao ilipata hataza mwaka 1868 na kuanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Hadithi mashuhuri kwamba herufi zilitawanywa makusudi ili kumchelewesha mpigaji ina mabishano mengi. Lisilo na mabishano ni kwamba mashine ile ilitengenezwa na wasemaji wa Kiingereza kwa maandishi ya Kiingereza. Hapana aliyewaza shairi la mizani kumi na sita.

Matokeo yake yanaonekana katika neno moja: sawasawa. Mwenye kucharaza kwa vidole kumi, kama wafunzwavyo makarani, huliandika neno hili lote kwa mkono wa kushoto, na katika mkono huo kwa vidole viwili tu, cha pete na cha mwisho, ambavyo ndivyo vinyonge. Mkono wa kulia hukaa kutazama. Neno wazawa lina mkosi uo huo, na zawadi haliuhitaji mkono wa kulia mpaka ifike irabu ya mwisho. Chanzo ni herufi A. Katika Kiswahili hakuna herufi inayotokea mara nyingi kuishinda hiyo, nayo imetupiwa kidole kidogo cha kushoto. Ndugu yake wa kulia amepewa mapumziko juu ya nukta-mkato, alama ambayo shairi zima laweza kumalizika bila kuihitaji. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kibodi inakitaka kidole kimoja kibebe lugha.

Ushairi unauzidisha mzigo huu. Ubeti wa tarbia wenye mizani kumi na sita katika kila mshororo una mizani 64, na ubeti wa utenzi una 32. Utenzi wa beti 1,000 ni mizani 32,000. Takriban kila mizani hufungwa kwa irabu, isipokuwa chache kama ile m ya mtu. Basi mwenye kunakili utenzi mmoja mrefu huzipiga irabu mara maelfu kwa maelfu, na katika hizo A ndiyo inayotangulia. Mwenye kusema kwamba maumivu yake ni uvivu na ahesabu kwanza.

Hujibiwa kwamba dunia nzima hutumia kibodi hiyo hiyo. Si kweli. Wajerumani walizibadilishana Z na Y mahali, kwa kuwa Z ni nyingi katika lugha yao. Wafaransa wana mpangilio wao, na Waswahili wa Kongo wanaotumia kibodi za Kifaransa huikuta A juu zaidi, katika safu ya kwanza, kidole kidogo kikilazimika kuiparamia. August Dvorak wa Marekani alipata hataza ya mpangilio mwingine mwaka 1936, akaziweka irabu zote tano katika safu ya kati. Lakini naye aliifikiria lugha yake, na A akaiacha pale pale ilipokuwa. Kuiga kwa upofu, kwa hiyo, si dawa.

Mfano wa kufuatwa ni wa Waturuki. Mwaka 1955 walikubali kibodi iliyotayarishwa kwa juhudi za İhsan Sıtkı Yener, ambaye kazi yake ilisimama juu ya hesabu ya herufi za Kituruki chenyewe. A ilikabidhiwa kidole cha shahada. Ni kweli kwamba kibodi ya asili ya Kimarekani imeenea Uturuki pia. Lakini Mturuki anayo hiari, na Mswahili aingiapo dukani hana. Ilhali kwenye kompyuta herufi si chuma tena: programu yaweza kuzipanga upya bila kubadili kitufe hata kimoja. Vyombo vya lugha vimehangaika, na vinastahiki shukrani, kutafuta jina la Kiswahili la kila kifaa. Kukipa kifaa jina na kukiacha kiendelee kuutesa mkono ni kumpa mtoto jina zuri na kumnyima chakula.

Mpaka hilo litimie, hakuna udhuru wa kuwanyima wacharazaji yale yasiyo na gharama. Misuli mikubwa ya kukunjia vidole imo kigashani, nayo huvivuta kwa kano. Katika kifundo cha mkono kano 9 na neva moja hupita katika mlango mwembamba. Kifundo kikipindwa juu, mlango ule hubanwa. Kwa hiyo kibodi ikae chini kiasi cha visugudi, mikono ya mbele ilale sawa, mabega yashuke, na nyayo ziguse sakafu. Vile viguu viwili nyuma ya kibodi, ambavyo wengi huvisimamisha wakidhani ni adabu ya kazi, vikunjwe, kwa kuwa ndivyo vinavyokipinda kifundo. Kiganja kisiegemee ukingo wa meza wakati vidole vinapiga. Na kazi ikatwe kwa mapumziko mafupi, kabla maumivu hayajaitisha marefu.

Wala haya si madeko ya siku hizi. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake cha maradhi ya wafanyakazi, aliwataja makarani na kueleza yanayowadhuru: kukaa bila kuinuka, kuuendesha mkono mwendo ule ule daima, na kuikaza akili. Zama zake hapakuwa na kibodi. Palikuwa na unyoya na wino. Aliyeyajua hayo miaka mia tatu iliyopita hawezi kuitwa mpenda anasa.

Kinachohatarishwa hapa ni zaidi ya raha. Miswada ya tenzi huliwa na mchwa na unyevu wa bahari, na kuinakili ni kazi ya mikono ya vijana wachache wenye kuijua hati ya kale na lugha yake. Mkono mmoja ukiharibika, huondoka na elimu ambayo haipatikani kwa tangazo la kazi. Wanaojitangaza kuwa walinzi wa urithi, nao hawajainama hata siku moja kutazama urefu wa kiti alichokalia mnakili wao, wanalinda karatasi na kuuacha uhai.

Mchagua jembe si mkulima, na iwe hivyo. Lakini mwenye kumkataza mkulima asichonge mpini, huyo hajapata kushika jembe.