Sauti Njema Haitoshi

Kijana aliyejaliwa koo zuri, akazoea kupokewa kwa vigelegele maharusini na kwa makofi kwenye kwaya, aghalabu huona kuwa kumwambia akasomee ualimu wa muziki ni sawa na kumpeleka samaki akafunzwe kuogelea. Na akisikia kwamba nchini Kenya, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2012, hapana aruhusiwaye kufundisha shuleni ila aliyesajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, husema hiyo ni dhuluma ya makarani juu ya wasanii. Namwomba anisikilize kwa insafu kabla hajakata shauri.

Idhini ya kufundisha haikuletwa kwetu na makarani. Katika darasa za pwani mwanafunzi hukaa mbele ya shehe wake miaka mingi, wala hathubutu kuwasomesha wenziwe mpaka apewe ijaza; na ijaza ile si sifa ya sauti yake, bali ni ushahidi kwamba ilimu aliyopokea ataifikisha kwa wengine bila ya kuiharibu.

Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia kujitawala, watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, walipewa kazi ya kuutengeneza wimbo wa taifa, nao mahadhi wakayachukua katika wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mwanawe. Mama yule alikuwa na wimbo, na labda kwa utamu wa sauti aliwashinda wote watano; lakini kuusikiliza, kuupima na kuuandika kwa nota, hata watoto wasiojua neno la Kipokomo wakauimba sawasawa, hiyo ni ilimu ya kusomewa. Na kabla yao Enoch Sontonga, ambaye mahadhi aliyoyatunga mwaka 1897 ndiyo tuyasikiayo leo katika Mungu Ibariki Afrika, hakuwa mwimbaji tu: alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyesomea ualimu wake Lovedale, na wimbo wake aliuandika kwa solfa.

Fauka ya hayo, mtoto si hadhira ya harusini. Mvulana anapobaleghe sauti yake huvunjika, na mwalimu asiyejua akimlazimisha kuzipanda sauti za juu, humuumiza koo, au humvunja moyo asiimbe tena maisha yake. Chuoni ndiko ajifunzako mtu kuyatambua hayo, na kumsikia mmoja aliyepotoka katika arobaini waimbao kwa pamoja. Na katika mazoezi ya kufundisha, mkaguzi akiwa amekaa nyuma ya darasa na kalamu yake, ndipo mwanachuo ajuapo kwamba kuimba mbele za watu na kuwaimbisha watu ni kazi mbili mbalimbali.

Sikatai kwamba wako wenye vyeti wasioweza kuongoza hata ubeti mmoja, lakini aibu hiyo huwaondokea walimu pale waimbaji hodari wanapokubali kusoma, si pale wanapovibeza vyuo. Basi, ewe kijana, nenda ukajiandikishe, wala usiuache mlangoni wimbo wa bibi yako: uingie nao, ukajifunze kuuandika, ili siku utakaposajiliwa uwe na cha kuwafundisha watoto wetu.